Hivi ni kweli Florence ya zamani baba wa binti ndiye aliyekuwa anatoa mahari?

Kapu la Soko

Wakuu habari za jioni. Jana tulikuwa kibarazani tunapiga kahawa, kuna mwenzetu ndo kapewa barua ya majibu kwa wakwe, ng'ombe sijui wangapi, mkaja wa mama, blanketi la bibi, bado kuna kitu kinaitwa kifungua mlango, jamaa kakunja uso anasema wazungu wamestaarabika bwana, wao ukipendana mnaoana basi. Sasa pale kuna mzee mmoja kimya siku zote, akacheka mpaka kikombe kikatikisika, akasema nyie watoto hamjui kitu, huko Italia kwenye mji wa Florence enzi hizo za kina Michelangelo baba mwenye mabinti watatu alikuwa halali, maana hela anatoa yeye kumpa mwanaume.

Sasa nauliza wajuzi, ni kweli au mzee katupiga kamba? Na mkishajibu hilo niambieni na maisha ya ndani yalikuwaje kwenye mji kama ule miaka ya 1400, habari za wachoraji tumeshiba, mimi nataka nani anapika, nani anaenda sokoni, maji yanatoka wapi, mtoto analelewa na nani.

Nimekaa Pale

Navuta kigoda. Huyo mzee aongezewe kahawa kwa gharama zangu.

Bi Shumaa

Mzee yuko sahihi na wala hajatia chumvi. Pale Florence hela ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, wenyewe wakiita dote, na lilikuwa jambo zito mpaka serikali ya mji mwaka 1425 ikaanzisha mfuko wake kabisa, Monte delle Doti. Baba akiwa na binti mdogo anakwenda anaweka hela pale, inakaa miaka 7 na nusu au 15 inazaa, binti akiolewa mume ndiye anayelipwa. Mwanzoni ukiweka florini 100 (florini ni sarafu ya dhahabu ya kule) ukavumilia miaka 15 unavuna 500. Sasa ona ujanja, binti akifa kabla hajaolewa hela inabaki serikalini! Watu wakauangalia huo mfuko kwa jicho la pembeni, wakaanza kumiminika 1433 iliporekebishwa kwamba mtoto akifariki baba anarudishiwa alichoweka. Halafu mume halipwi kwa kuvaa pete tu, mpaka ndoa iwe imekamilika chumbani, yaani serikali nayo ilikuwa ndani ya shuka.

Nikupe mtu mmoja umfuate. Alessandra Macinghi, kaolewa ukoo wa Strozzi. Mumewe alifukuzwa mji kwa siasa mwaka 1434 pale Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, alipokamata usukani, akafia hukohuko uhamishoni, mama kabaki na watoto wadogo. Wanawe wa kiume walivyokua nao wakaishi nje, wanafanya biashara na ndugu zao, kwa hiyo mama kazi yake kuwaandikia barua, na zaidi ya 70 zipo mpaka leo. Siyo barua za kujionyesha, ni mama anaongea na mwanae, bei ya kitani, nani kafa, nani kazaa, kodi imemkaba wapi.

Agosti 1447 anamwandikia Filippo aliyeko Naples kwamba dada yako Caterina kapata mchumba, Marco Parenti, miaka 25, familia ina karakana ya hariri. Binti ana 16. Mahari florini 1000, nusu inatoka kwenye ule mfuko ikiiva mwaka unaofuata, nusu ni taslimu pamoja na vitu vya binti. Na mama anajieleza kama anaona aibu kidogo, kwamba kumpeleka kwenye ukoo wenye jina zaidi kungetaka 1400 au 1500 na hana, na kungoja hataki maana binti anakua, halafu anamaliza kwa kusema anayeoa anataka hela. Hivyohivyo, bila kupindisha.

Florini 1000 ni kiasi gani? Kibarua wa ujenzi alikuwa anapata kama soldi 10 kwa siku, na florini moja ilikuwa soldi 80 na zaidi kutegemea mwaka. Pigeni hesabu wenyewe, ni mtu kabeba mawe miaka thelathini bila kula.

Mbavu Sina

"Serikali ilikuwa ndani ya shuka" dah Bi Shumaa umeniua 😂😂 sasa huo mfuko ulikuwa unalipa kweli kwa wakati au ndo njoo kesho faili halionekani?

Bi Shumaa

@Mbavu Sina mwanzoni ulilipa vizuri. Tatizo hela zenyewe serikali ilikuwa inazitumia kupunguza madeni ya vita, sasa mabinti walioweka wakati mmoja wakaiva wakati mmoja. Ikafika mume anapewa sehemu taslimu, iliyobaki anaandikiwa kwenye daftari la deni awe anakula riba. Kwa hiyo ndiyo, njoo kesho ilikuwepo.

Mwana wa Pwani

Mimi sijaelewa kitu kimoja, mwanaume yeye alikuwa anatoa nini? Anakuja mikono mitupu anachukua binti na milioni zake? Hata kilemba hakuna?

Bi Shumaa

@Mwana wa Pwani alikuwa anatoa, na ndipo penye utamu. Yule Marco alivyomwona Caterina akamwambia omba unachotaka. Akamkatia gauni la veluti nyekundu ya hariri, mama anasema ni kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyokuwa Florence na kimefumwa karakanani kwa mkwe mwenyewe, halafu taji la manyoya na lulu, taji peke yake florini 80. Mama anajigamba kwa Filippo kwamba dada yako akitoka nje atakuwa kavaa zaidi ya florini 400 mwilini. Umesikia, 400, karibu nusu ya mahari imerudi kwa mlango wa nguo.

Sasa shika hapo. Zile nguo na vito hazikuwa mali ya bibi harusi. Ni za mume. Alimvalisha ili mtaa uone kaoa na kwamba kaingia kwenye nyumba yake, harusi ikishapoa baada ya miezi au miaka akiwa na shida anaweza kuviuza, na wengine walikuwa wamevikodi au wameazima kwa ndugu tangu mwanzo, vinarudi kwa mwenyewe. Binti alichokuja nacho ni kile alichofungiwa na kwao, mashuka, mashati ya ndani, leso, sindano, kitabu cha sala, anavileta ndani ya makasha.

Mwana wa Pwani

Yaani kupambwa kote kule ni dhahabu ya kukodi. Basi hapo wametufanana kabisa, nisiseme mengi nina ndoa wiki ijayo 🤐

Mjomba wa Prato

Salaam wadau, mimi nipo Toscana mwaka wa sita sasa, namtunza bibi mmoja mzee, Prato na Florence ni treni ya muda mfupi tu kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nazurura. Hayo mambo ya nyumba mleta mada aliyouliza niliyaona kwa macho, kuna jumba linaitwa Palazzo Davanzati mtaa wa Porta Rossa, ni nyumba ya mfanyabiashara ya miaka ya 1300 wameifanya makumbusho.

Kwanza maji. Kuna kisima chini, halafu juu yake wameacha kama bomba la ukuta linapanda mpaka ghorofa ya mwisho, kila ghorofa ina kidirisha chenye kapi na kamba, mtu wa juu anashusha ndoo yake anavuta. Mimi nilikulia kwenye kubeba ndoo kichwani nilisimama pale dakika kumi namuonea wivu mjakazi wa miaka 600 iliyopita. Ila hiyo ni nyumba ya tajiri, mitaani watu walikuwa wanapanga foleni kwenye visima vya ua na vya uwanjani kama sisi.

Pili jiko. Liko juuuu kabisa ghorofa ya mwisho, nikashangaa maana kuni zote inabidi zipande huko, lakini ukifikiria ni akili, moshi na joto haviteremki vyumbani na moto ukishika hauanzii chini. Na kwenye kuta za jiko watu wameandikaandika, kama sisi tulivyokuwa tunaandika ukutani stoo tarehe mbuzi alipozaa. Kuna mmoja kaandika kwamba tarehe 26 Aprili 1478 Giuliano de' Medici, wa ukoo uleule uliokuwa unatawala mji, kauawa ndani ya kanisa kuu. Yaani mji mzima unawaka, watu wananing'inizwa madirishani, na mtu mmoja kasimama jikoni karibu na sufuria anaandika habari ukutani. Hiyo ilinikaa kuliko michoro yote niliyolipia tiketi.

Vyumba vimepakwa rangi ukuta mzima, kimoja kina kasuku kila mahali, kama pazia la kanga. Madirisha hayakuwa na vioo kama tunavyodhani, vioo bei, wengi waliwamba kitambaa cha kitani kilicholowekwa mafuta kipitishe mwanga kidogo, wakati wa baridi ni giza na moshi wa taa. Choo kipo, kichumba cha ukutani, nisiendelee mnakula.

Halafu kitu cha mwisho, hiki lazima mkisikie. Ndani ya kanisa kuu kuna saa alichora Paolo Uccello mwaka 1443, ina saa 24 na mshale unakwenda kinyume na saa za kawaida. Wazungu niliokuwa nao kwenye msafara wanashangaa haisomeki. Mimi mwongozaji alivyosema inahesabu kuanzia jua linapozama nikacheka peke yangu, kumbe wazee wa Florence jua likizama baada ya saa moja wanasema ni saa moja! Saa moja usiku! Tofauti ni kwamba wao hawakukatia kwenye kumi na mbili, waliendelea mpaka ishirini na nne magharibi nyingine inapoingia. Miaka yote hii nawaeleza watu hapa kwa nini saa zetu "zimegeuka" kumbe zao ndo zimegeuka.

Nimekaa Pale

Hii ya saa nimeiscreenshot. Kesho naenda nayo kazini kuna mtu huwa ananicheka.

Mbishi Mkweli

Mimi naona mnatuletea maisha ya matajiri mnayaita maisha ya kila siku. Strozzi, Davanzati, veluti nyekundu... Kwa hiyo fundi viatu wa Florence naye alikuwa na kasuku ukutani? Watu elfu ngapi walikuwa wanalala chumba kimoja na mbuzi lakini historia inaandika mwenye barua tu. Nileteeni mtu wa kawaida ndo nitaamini.

Bi Shumaa

@Mbishi Mkweli hoja yako ni ya kweli ila Florence ni moja ya miji ambayo huyo fundi viatu tunamjua, na sababu ni kodi. Mwaka 1427 walifanya sensa ya kodi inaitwa catasto, kila mkuu wa kaya aandike nyumba yake, shamba lake, anamdai nani, anadaiwa na nani, na midomo mingapi anailisha, wao wenyewe wanasema midomo, kila mdomo unakupunguzia florini 200 kwenye mali inayotozwa. Basi ndo humo unakuta masikini wanajieleza, mmoja mzee, mmoja mgonjwa, mke ana mimba, cherehani hakuna enzi hizo ila kitanda cha kufumia cha kukodi, sina kitu sina kitu. Kama ujuavyo kwenye fomu ya kodi kila mtu ni maskini. Mji wote ulikuwa na watu kama 40,000 tu, maana tauni ya 1348 ilikuwa imefyeka zaidi ya nusu na ikawa inarudi kila baada ya miaka kadhaa.

Kutoka humo ndo tunajua pia kwamba binti anaolewa kwenye miaka 18 au chini, mwanaume anaoa akiwa karibu 30. Kwa hiyo wajane wengi.

Ukitaka wa katikati kuna Luca Landucci, muuza dawa na manukato, kaoa 1466 kwa mahari ya florini 400. Kaandika shajara maisha yake yote. Mwaka 1489 yule Filippo mtoto wa Alessandra, sasa tajiri wa kutupa na karuhusiwa kurudi, anaanza kujenga jumba lake mbele ya duka la Landucci, na mzee wa watu analalamika vumbi, lundo la mawe, nyumbu na punda wamejaa, wateja hawapiti, na watu wanaosimama kushangaa ujenzi. Mtu anajenga ikulu yake, wewe unafuta vumbi kwenye chupa za dawa.

Sokoni alikuwa anaenda mwanaume au mtumishi. Mke wa mtu mwenye heshima zake kuonekana anabishana bei ya samaki Mercato Vecchio ilikuwa haipendezi, mume ndo anachagua nyama anaituma nyumbani na kijana. Wanawake wa kimasikini wao walikuwa sokoni wanauza mboga, heshima ina gharama zake. Na msitafute nyanya kwenye hicho chakula wala mahindi wala viazi, Amerika ilikuwa haijafikiwa, ni mkate, maharage ya zamani yale ya Ulaya, kabichi, mayai, jibini, divai iliyotiwa maji, nyama kwa mwenye nacho na siyo Ijumaa.

Kapu la Soko

Asanteni sana aisee, sikutegemea uzi ufike hapa. Bado mtoto. Na hao watumishi ni kina nani?

Bi Shumaa

Hapo ndo pagumu. Baada ya tauni vibarua walikuwa hawapatikani, miaka ya 1360 mji ukaruhusu kuingiza watumwa, masharti wasiwe wa asili ya Kikristo, ingawa sharti lenyewe halikuchunguzwa sana. Wengi walikuwa wasichana, Watartari, Wacherkesi, Warusi, wananunuliwa bandari za Bahari Nyeusi wanapitishwa Genoa na Venice. Mabinti wadogo wanafika nyumba ya mtu hawajui hata lugha, wanapewa jina la Kikristo, wanafua, wanabeba maji, na bwana mwenye nyumba anafanya anachotaka. Cosimo de' Medici mwenyewe alizaa na mjakazi wa Kicherkesi, mtoto akaitwa Carlo akawa mkubwa wa kanisa huko Prato kwa Mjomba. Huyo alibahatika. Wengine waliwekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto, Innocenti, ile aliyoisanifu Brunelleschi kwa hela za chama cha mafundi hariri, ilifunguliwa 1445 na mtoto wa kwanza kuachwa pale alikuwa wa kike, wakamwita Agata.

Alessandra naye alikuwa na mtumwa, Cateruccia, na kwenye barua anamlalamikia, ana mdomo, hafanyi kazi, anawasema vibaya nje. Mimi nikisoma hapo huwa namsikia Cateruccia zaidi kuliko mama.

Mtoto sasa. Mwenye uwezo hanyonyeshi, anapelekwa shamba kwa mnyonyeshaji, balia, mwaka na nusu miaka miwili. Na mkataba wanaufunga wanaume wawili! Baba wa mtoto na mume wa mnyonyeshaji, maziwa ya mke wake anayauza yeye na mshahara anapokea yeye. Akishika mimba inabidi aseme mtoto ahamishwe, basi wengi wakawa wanaficha. Michelangelo alinyonyeshwa kijijini Settignano na mke wa fundi mawe, akawa anatania kwamba patasi na nyundo alizinyonya humo.

Mbishi Mkweli

Sawa nimekubali, nimefunga mdomo. Swali moja tu, mume akifa? Maana hapo umesema wajane wengi.

Bi Shumaa

Ile mahari ni ya mke kisheria, kwa hiyo warithi wa mume inabidi wamrudishie. Kaka zake wanakuja kumchukua hata siku hiyohiyo ya maziko, awe na hela yake wamwozeshe tena. Watoto wanabaki. Watoto ni wa ukoo wa baba. Mwanamke anatoka mlangoni na mahari yake, watoto wanamwangalia, na akibaki kwa ajili yao, kwao wanakasirika, akienda, watoto wakikua wanaandika kwenye madaftari yao kwamba mama alituacha. Alessandra alibaki, hakuolewa tena.

Ndo maana alikuwa na haki ya kuwachagulia wanawe wachumba. Mwaka 1465 akiwa mtu mzima kabisa anaenda misa ya asubuhi kanisa kuu kumchungulia binti mmoja kwa ajili ya Filippo, aliyemfuata hayupo, akajikuta kakaa jirani na binti mwingine wa kina Tanagli bila kumjua. Akamkagua palepale misa inaendelea, umbo zuri, uso mrefu kidogo, ngozi siyo laini sana, ila akitembea haonekani mzembe. Mshenga gani huyo! Mwisho Filippo alioa yule wa kwanza, wa kina Adimari.

Mwana wa Pwani

Kanisani hahaha. Kwetu ni kwenye unyago na kwenye maulidi, shangazi wamekaa safu ya mbele wanaangalia nani anajua kubeba sinia.

Kapu la Soko

Wakuu nimerudi. Leo nimeusoma uzi wote pale kibarazani kwa sauti. Mzee kasikiliza kafumba macho, kwenye ile ya watoto kubaki mlangoni akasema rudia, nikarudia. Yule mwenzetu wa ng'ombe yeye kasikia florini 1000 tu, kauliza kama ule mfuko bado upo na kama kuna binti hajachukuliwa.

Mjomba wa Prato

Mwambie mfuko ulishakufa zamani. Ila juzi nimemsimulia bibi ninayemtunza habari za mahari ya kwetu akashangaa, akaniambia fungua droo ya chini kabati la chumbani. Mashuka kumi na mawili ya kitani, herufi za jina lake zimetariziwa kwa uzi mwekundu, alianza kuyashona na mama yake akiwa na miaka kumi na mbili. Ana miaka 91. Nikamuuliza yale mazuri namna hii unayatandika lini, akasema hajawahi kuyalalia, akaniambia nirudishe na karafuu zake katikati kama nilivyoyakuta.